Taa za Angani na Amri ya Nane

Jioni moja ya kiangazi, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Butiama, watu walioketi nje baada ya chakula waliona mstari wa taa ukipita angani. Zilikuwa kama ishirini hivi, zimefuatana kama shanga kwenye uzi, bila mlio wowote. Zilipofika upande wa pili wa mbingu zikapotea moja baada ya nyingine, kana kwamba mtu anazipuliza.

Kulipokucha kijiji kilikuwa na tafsiri mbili. Ya kwanza ilitoka kwa mhubiri mgeni wa mkutano wa hema: hizo ni ishara za mwisho, na anayetaka kuokoka atoe sadaka maalumu kabla mlango haujafungwa. Mama mmoja aliuza mbuzi wawili. Tafsiri ya pili haikuwa na mwenyewe, ilipita tu kisimani na kilabuni: taa zile zilizimikia juu ya nyumba ya bibi mjane anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Usiku wa tatu mawe yalipigwa kwenye bati lake.

Bibi huyo ni msharika wetu. Na baadhi ya waliorusha mawe ni vijana tuliowapa kipaimara kanisani kwetu. Amri Kumi wanazijua kwa moyo.

Kwa hiyo siandiki kuwacheka watu wasiosoma. Nawaandikia Wakristo waliobatizwa, na nawaandikia wachungaji wenzangu walionyamaza. Ninasema hivi: kuipa taa ya angani jina la shetani, au jina la Mungu, kabla hujauliza ni nini, si imani kali. Ni uongo. Na uongo huo una namba yake katika Katekisimo Ndogo.

Jibu la taa zile halikuwa mbali. Tangu Mei 2019 kampuni ya SpaceX ya Marekani imekuwa ikirusha satelaiti za Starlink zinazobeba intaneti. Hurushwa kundi zima kwa roketi moja, na siku chache za kwanza hufuatana kwa mstari kabla ya kupanda hadi kimo cha kilometa 550 hivi na kutawanyika. Hazing'ai kwa taa zao, zinang'aa kwa mwanga wa jua. Huku chini jua limeshazama, lakini huko juu bado linawaka. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia zinapotea machoni petu, moja baada ya nyingine.

Hata asiyejua habari za satelaiti angeweza kuupima uvumi ule kwa simu mbili. Nilimpigia mwinjilisti aliyeko Bunda. Aliziona usiku uleule, na kwake zilizimikia nyuma ya mlima Balili. Nikampigia mzee wa kanisa Musoma mjini. Kwake zilizimikia ng'ambo ya maji. Sasa niambieni, wapendwa, bibi mmoja ana nyumba ngapi?

Baada ya hapo nilianza kuzifuatilia taa nyingine ambazo watu wetu wanaziogopa. Niliambiwa kuna mji unaoelea usiku upande wa ziwani. Nilikwenda Makoko usiku usio na mwezi, nikakaa na wavuvi. Mji ule ni wao wenyewe. Wavuvi wa dagaa huwasha karabai, na siku hizi taa za betri, ili dagaa wafuate mwanga. Hufanya hivyo usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa hupumzika. Usiku wa giza huwezi kuona maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, kwa hiyo taa zao huonekana zimening'inia hewani. Kwa mkulima aliyeko juu kwenye mteremko wa Balili ni maajabu. Kwa mke wa mvuvi ni ada ya shule.

Niliambiwa pia kuna moto unaowaka mawinguni bila ngurumo. Ni radi ya mbali. Usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani kutoka pande zote, hewa hukutana katikati ya ziwa na kupanda juu, na mvua za radi huzaliwa huko. Mwanga wa radi huonekana kutoka kilometa mia na zaidi, lakini ngurumo yake haifiki hata robo ya mwendo huo. Na ile nyota kubwa inayomfuata mtu njiani jioni ni Zuhura. Iko mbali mno, ndiyo maana kila unapokwenda unaiona palepale. Hata mwezi hutufuata hivyo, na hatujawahi kuushitaki.

Taa moja niliyosimuliwa sikuweza kuijua mpaka leo. Nasema wazi: sijui. Lakini "sijui" si ushahidi dhidi ya mtu. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka. Tunakosa jibu, kisha badala ya kusema tumekosa jibu tunatafuta mjane.

Najua nitajibiwa: "Mchungaji, Yesu hakusema kutakuwa na ishara katika jua, mwezi na nyota?" Alisema, katika Luka 21. Endelea kusoma. Katika sura hiyohiyo anaonya juu ya watu watakaokuja kwa jina lake wakisema wakati umekaribia, naye anakataza kuwafuata. Na wale walio wake hawaambii wajifiche wala wauze mbuzi. Anawaambia wainue vichwa. Mamajusi nao waliona nyota, lakini walipofika Yerusalemu waliuliza, na safari yao iliishia kwa mtoto na mama yake wakiwa na zawadi mikononi. Nyota iliyokupeleka kwenye nyumba ya mwanamke na jiwe mkononi si ya Bethlehemu.

Wengine watasema maelezo ya namna hii yanamwondoa Mungu angani. Hapana. Zaburi ya 19 inasema mbingu zinautangaza utukufu wa Mungu. Haisemi zinamtangaza jirani yako. Yeremia 10 inatukataza kuogopa ishara za mbinguni kama mataifa. Naye Paulo anawaagiza Wathesalonike wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Kuuliza ni utii.

Wala tusiwanyoshee kidole wahubiri wa hema peke yao. Michael Stifel alikuwa mchungaji wa Kilutheri na rafiki wa Martin Luther. Kwa kukokotoa namba za Biblia alitangaza kwamba mwisho wa dunia utafika Oktoba 1533. Luther alimkanya, hakusikia. Watu waliacha kazi zao na kutumia mali zao. Siku ilifika, ikapita, na Stifel akakamatwa na kuondolewa usharika wake. Baadaye alikuja kuwa mwanahisabati anayeheshimika. Akili alikuwa nayo. Alichokosa ni kusema "sijui".

Basi tuhesabu. Anayesema "Mungu amenionyesha maana ya taa hii" na hakuonyeshwa, amevunja Amri ya Pili, na Luther ameweka uchawi na udanganyifu wa kidini pamoja chini ya amri hiyo. Anayesema "zilizimikia kwake" amevunja ya Nane, ambayo Luther anaifafanua kuwa ni kumtetea jirani na kuyachukulia mambo yake kwa wema. Na ya Tano inasubiri mlangoni. Katika Kanda hii ya Ziwa tumezika akina mama wazee waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekwa wekundu na moshi wa kuni zilizopika chakula chetu.

Usiku wa nne wazee watatu wa kanisa walibeba mablanketi wakalala uani kwa bibi. Waliendelea hivyo wiki mbili. Jumapili iliyofuata niliwaita vijana wale mbele ya wazazi wao, na wanne walikwenda kumwomba msamaha. Walirudi na misumari wakaziba bati. Mmoja bado hajaenda. Akisoma haya, ajue kwamba bibi anamngoja, na mimi pia.