Daraja Limefupisha Njia ya Rubondo, Kipande cha Maji Bado Kinasubiri

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli tarehe 19 Juni, 2025, mazungumzo kuhusu daraja hilo yamejikita katika malori ya mizigo, mabasi ya Bukoba na wagonjwa waliokuwa wakisubiri kivuko upande wa Busisi. Mazungumzo hayo ni ya haki. Hata hivyo, yapo maeneo ambayo daraja limeyafikia nusu tu, na mfano ulio wazi ni Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, ambako barabara, hata iwe nzuri kiasi gani, hufika ukingoni mwa ziwa na kukomea hapo.

Rubondo iko kona ya kusini magharibi ya Ziwa Victoria, katika Mkoa wa Geita. Ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1965 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, ikiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 457, karibu nusu yake ikiwa maji. Sehemu kubwa ya nchi kavu yake ni msitu. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Shirika la Uhifadhi wa Wanyama la Frankfurt, chini ya Profesa Bernhard Grzimek, lilifikisha kisiwani sokwe 17 waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya, na uzao wao ndio unaozunguka msituni hadi leo. Tembo na twiga nao waliletwa kutoka bara. Nzohe, viboko na mamba ni wenyeji wa asili.

Kwa mwananchi wa Mwanza, kivutio hicho kiko nusu siku ya safari. Njia inayotumika zaidi hutoka jijini kupitia Usagara hadi Kigongo, ikavuka Ghuba ya Mwanza kwenda Busisi, kisha Sengerema, Geita na Chato hadi Muganza. Kabla ya daraja, hesabu ya safari hiyo haikuweza kufanywa kwa uhakika. Kuvuka kwenyewe kulichukua zaidi ya nusu saa, na foleni iliweza kula saa mbili au zaidi. Mapema mwaka 2025 magugu maji yaliziba njia ya vivuko na kuwakwamisha abiria pande zote mbili. Aliyekuwa amepanga kupanda boti mchana aliweza kufika jioni. Leo gari huvuka daraja hilo, lenye urefu wa takriban kilomita tatu na lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, kwa dakika chache. Kwa anayekwenda Rubondo, faida kubwa imo katika kuweza kutaja saa ya kuwasili, kwa sababu anayepanga boti anahitaji saa hiyo kuliko kitu kingine.

Kutoka bara, milango ya kuingilia kisiwani kwa maji ni miwili, na haifanani. Wa kwanza ni Kasenda, bandari ndogo jirani na mji wa Muganza, Wilaya ya Chato. Hapo maji ni membamba. Boti hufika kisiwani ndani ya nusu saa au chini yake, kisha mgeni husafiri kwa gari kama saa moja kuvuka msitu hadi Kageye, yaliko makao makuu ya hifadhi. Wa pili ni Nkome, upande wa Geita, ambako boti huchukua takriban saa mbili hadi Kageye moja kwa moja. Anayetumia Nkome hupunguza mwendo wa barabarani na kuongeza mwendo wa ziwani, na kwa bei ya mafuta ya injini za boti, akiba ya barabarani huishia majini. Ndiyo maana daraja limeipa Kasenda nguvu zaidi: barabara ya lami iendayo Bukoba hupita maeneo hayo, na kipande cha maji kilichobaki ni kifupi.

Kipande hicho kifupi ndicho kilichobeba swali lenyewe. Ukerewe, Ukara na Maisome ni visiwa vyenye watu, na mahali penye watu kivuko huletwa kwa sababu wapo wanafunzi, wafanyabiashara na wagonjwa wa kuvushwa kila siku. Rubondo haina kijiji. Wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi humo walihamishwa kisiwa kilipotengwa kwa uhifadhi, na waliopo sasa ni askari wa uhifadhi, watumishi na wageni. Hakuna abiria wa kila siku, basi hakuna kivuko cha ratiba. Mgeni hupanga boti mapema na hifadhi au na mwenye boti, na boti ya kukodi hulipiwa kwa safari. Kundi la wanafunzi thelathini hugawana gharama hiyo na kila mmoja akabaki na kiasi kidogo. Baba, mama na watoto wawili huibeba peke yao. Kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania kimewekwa chini sana kuliko cha mgeni wa nje, lakini unafuu huo humezwa na boti kabla haujamfikia mlengwa.

Kampeni za utalii wa ndani zimezoea kupima bei ya lango. Kwa hifadhi za nchi kavu kipimo hicho kinatosha, kwa kuwa basi la kawaida humfikisha mtu karibu na lango. Kwa Rubondo kipimo sahihi ni gharama ya mtu mmoja kutoka stendi ya Muganza hadi kitanda cha Kageye na kurudi. Boti ya kuunganisha wasafiri walau siku mbili kwa wiki, mathalani Ijumaa kwenda na Jumapili kurudi, kila mmoja akilipia kiti chake, ingebadili hesabu hiyo bila kuhitaji chombo kikubwa. Ugumu wake unafahamika: wiki za mwanzo boti ingeondoka na viti vitupu, na lazima awepo wa kubeba hasara hiyo hadi watu wazoee. Mwendeshaji binafsi hawezi kulaumiwa kwa kusita. Taasisi ya umma inayosimamia hifadhi ina sababu zaidi ya kujaribu.

Haraka ya kujaza boti nayo ina hatari zake. Tarehe 20 Septemba, 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Tangu hapo ukaguzi wa vyombo na uvaaji wa maboya umepewa uzito mkubwa, na kwa njia ya Kasenda uzito huo haupaswi kulegezwa kwa hoja kwamba maji ni ya dakika ishirini tu. MV Nyerere ilikuwa imekaribia kutia nanga. Ziwa Victoria lina tabia ya kufumua radi na dhoruba usiku na alfajiri, kisha upepo huongeza mawimbi kadiri mchana unavyosogea. Nahodha mzoefu hupenda kuondoka asubuhi anga likishatulia, baada ya kusikia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mgeni anayefika jua likizama ni afadhali alale Muganza.

Magati nayo hayajapumzika. Mwaka 2020, na tena 2024, kina cha ziwa kilipanda kupita viwango vilivyozoeleka na maji yakafunika mialo mingi kandokando yake. Gati lolote litakalojengwa kwa ajili ya Rubondo litahitaji kupanda na kushuka na maji, la sivyo mzee na mama mwenye mtoto wataendelea kubebwa mgongoni hadi kwenye boti kila ziwa linapofura.

Usafiri wa anga upo pia. Kisiwani kuna uwanja mdogo wa ndege nyepesi, na Chato upo Uwanja wa Ndege wa Geita wenye njia ya kurukia ya kilomita tatu. Huo unaweza kuhudumia Rubondo pamoja na Hifadhi ya Burigi-Chato iliyoanzishwa mwaka 2019, na kwa mtalii wa kigeni mwenye siku chache mpango huo una mantiki. Kwa mkazi wa Katoro au Sengerema, hauna uzito wowote.

Wenye zaidi ya kupata au kukosa ni miji ya bara yenyewe. Jamii za Muganza na Nkome zinaishi kwa uvuvi na zimezuiwa kuvua katika maji ya hifadhi, ambayo ni mazalia ya samaki. Katazo hilo lina manufaa kwa ziwa zima, lakini linaloonekana kila siku ni doria. Mgeni anayeshuka kutoka Kageye akiwa ameruka Muganza kwa ndege haachi hata shilingi ya chai. Anayepita kwa barabara hulala, hula, huacha gari mahali pa kulindwa na kulipa boti. Anayekwenda kulala katika mabanda ya hifadhi na kujipikia hana soko la kutegemea kisiwani, hivyo mchele, mafuta, nyanya na mkaa wake hununuliwa Muganza au Chato kabla ya kuvuka.

Kwa sasa, anayekusudia safari hiyo anashauriwa kupanga boti na ofisi ya hifadhi kabla ya kuondoka nyumbani, kubeba kitambulisho ili atozwe kiwango cha Mtanzania, na kulipia kwa namba ya malipo ya Serikali, kwa kuwa fedha taslimu hazipokelewi langoni. Akivuka daraja asubuhi, atakuwa Kasenda mchana huohuo.