HUKUTUMWA YERUSALEMU KUWAPIGA WATU PICHA



Neno la leo ni Mathayo 7:12. Lisome kabla hujaendelea. Bwana anatuagiza tuwatendee wengine yale tunayotaka tutendewe sisi. Leo nalipeleka neno hili mahali ambapo wengi hatutaki lifike: kwenye kamera ya simu yako.

Najua baadhi yenu mmeanza kulipa polepole pesa za safari ya Israeli. Vizuri, sipingi safari. Ninachopinga ni kile ninachokiona kila kikundi kinaporudi: picha nyingi za sura za watu ambao hawakuulizwa. Mzee wa Kiyahudi amefumba macho kwenye Ukuta wa Magharibi, anamlilia Mungu, nawe umemsogelea na simu kama mtu anayepiga picha swara mbugani. Mama anauza mikate katika Mji wa Kale. Umempiga, umeweka status, umeandika "Nchi Takatifu". Anaitwa nani? Hujui.

Sasa rudi nyumbani. Mtalii akiingia Kibera na kamera shingoni, akampiga picha mtoto anayeruka mtaro wa maji taka, tunakasirika. Tunasema umaskini wetu si sinema. Na tuna haki! Basi kinachotuudhi Kibera kimekuwaje baraka Yerusalemu?

Utaniambia, "Pastor, huo ni ushuhuda." Haya, tuupime. Picha inayopendwa sana ni ya mto Yordani: kanzu nyeupe, mikono juu, na maneno "Hapa ndipo Yesu alipobatizwa." Mpendwa, nyingi za picha hizo hupigwa Yardenit, pale Yordani unapotoka Bahari ya Galilaya. Mahali hapo palitengenezwa kwa ajili ya wageni mwaka 1981, kwa sababu pale pa mapokeo, karibu na Yeriko, palikuwa pamefungwa baada ya vita vya 1967. Na ng'ambo ya mashariki, katika nchi ya Yordani, ndiko UNESCO walikokuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2015. Maji ya Yardenit hayana kosa. Kosa ni kushuhudia jambo ambalo hukuliuliza.

Pale Ukutani, siku ya Sabato na sikukuu za Wayahudi, kupiga picha kumekatazwa. Wenyeji wameweka mpaka. Mgeni mwenye adabu hauruki. Hata hapa mjini, ukiingia Msikiti wa Jamia unavua viatu. Hujabadili imani, umeheshimu tu. Na pale Moi Avenue, kwenye bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, kuna majina ya waliouawa mwaka 1998, watu 213. Anayesimama mbele ya majina yale huenda ni mjane. Selfi yako inatafuta nini nyuma ya machozi yake?

Tena tusidhani ni habari ya ng'ambo peke yake. Tukienda kugawa unga Kangemi na Kawangware, kamera hufika kabla ya unga. Mathayo 6:3 tumeiweka wapi? Sheria ya nchi imetutangulia. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ni ya tangu 2019. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Uthiru, jirani yetu hapa, si Ulaya! Ni aibu serikali ikimlinda mtoto kuliko kanisa.

"Lakini Pastor, mtu akiwa barabarani si kila mtu anamwona?" Soma Mwanzo 16. Hagari yuko jangwani, mjakazi mwenye mimba, amekimbia mateso. Malaika wa Bwana alimkuta, akamwita kwa jina, akamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Baada ya hapo ndipo Hagari akamwita Mungu kuwa ndiye anayemwona. Hivyo ndivyo Mungu anavyomwona mtu: kwa jina lake, na kwa kumuuliza. Wewe umemwona mama wa mikate kwa sekunde 2, ukaondoka na sura yake.

Kwa hiyo, mnaosafiri, sikieni. Aliye katika maombi, usimpige kabisa. Wa barabarani, msalimie kwanza, umuulize. Akikataa, shukuru uende. Mtoto, muulize mzazi wake. Mlima wa Mizeituni, Masada, Bahari ya Chumvi, piga mpaka betri iishe. Milima haina aibu ya kuvunjiwa. Na leo kabla hujalala, fungua simu yako. Sura usiyoijua jina, uliyoichukua mtu akilia au akiomba, ifute.

Bwana atupe macho ya kuona watu kama anavyowaona Yeye. Kama umekubali kuifuta hata moja, andika AMINA.