Kuonya si kuogopesha



Kila mara tunatangaza maandamano, redioni tunasikia maneno yale yale: "Tunawaonya vijana." Tuangalie vizuri neno hilo, ju linatumiwa kufunika lingine.

Kuonya ni kazi nzuri. Mama anaonya mtoto asicheze karibu na makala: anamuonyesha moto uko wapi, anamwambia utamuunguza. Anayekuogopesha hakuonyeshi moto. Anasema tu: "Mtaona." Tutaona nini? Kwa sheria gani? Hasemi, sababu nguvu yake iko mu kile anaficha. Usiku kila mtu anajijazia mwenyewe.

Basi kipimo ni hiki: onyo liko na sheria yake. Katiba ya 2006, kifungu cha 26, inataka wanaoandaa maandamano wajulishe wakubwa kwa barua. Kujulisha, haiko kuomba ruhusa. Kifungu cha 18 kinasema aliyekamatwa aambiwe palepale sababu, katika lugha anaelewa, na saa 48 zikiisha aachiliwe ao apelekwe mbele ya wenye sheria.

Wengine watajibu: tuko vitani, ukali ni lazima. Lakini hata état de siège, iliyoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, iliwekwa kwa maandishi yenye sahihi ya Rais. Kama mnakataza, andikeni, wekeni sahihi, onyesheni kifungu. Katazo la maandishi tunaweza kulipinga mbele ya sheria. "Mtaona" utaipinga wapi?

Tuache pia kusema "watu wanaogopa", kama vile woga ni mvua inajinyeshea. Tuseme "wanaogopeshwa". Hapo swali linakuja lenyewe: na nani?

Swali hilo litugeukie na sisi pia. Siku ya ville morte, kijana anayemwambia mama wa soko "ukifungua, utaona" haonyi, anaogopesha. Yule mama anakula kwa kile anauza leo. Tumueleze kwa nini tunafunga, halafu tumuache achague. Mapambano yasiyo na fujo yanaanzia mdomoni.

Kesho mtu akikuambia "mtaona", muulize kwa utulivu: kifungu gani? Akikosa jibu, andika maneno yake, tarehe na mahali, uyalete kwa wenzako. Kitisho kinapenda mtu aliye peke yake.