Madirisha ya Nyanda za Juu Yatayarishwe Kabla ya Kipupwe

Kila mwaka, mvua ndefu zinapokwisha na upepo wa Kusi unapoanza kuvuma, wakazi wa Njombe, Makete, Mufindi na Rungwe hujitayarisha kwa baridi. Mablanketi hutolewa masandukuni, kuni hupangwa, na mkaa hununuliwa. Ni nyumba chache, hata hivyo, ambazo madirisha yake hukaguliwa kabla baridi haijaingia. Inapofika, matambara na karatasi za nailoni hushindiliwa katika nyufa, matundu ya hewa huzibwa, na kila kitu hufungwa tangu magharibi hadi asubuhi. Maoni yangu ni kwamba desturi hiyo huharibu nyumba na huhatarisha maisha ya wakaao ndani yake. Nayo dawa yake ni kazi ya siku mbili tatu, ikifanywa mapema.

Tuanze na maji yenyewe. Asubuhi ya mwezi wa Julai kioo cha dirisha huonekana kimelowa upande wa ndani, na maji yametiririka hadi kwenye ubao wa chini. Wengi hudhani kuwa ni ukungu wa nje uliopenya. Sivyo. Mwaka 1814 tabibu William Charles Wells wa London alieleza katika insha yake kwamba umande hauanguki kutoka mbinguni, bali hutokea pale kitu kinapopoa kupita hewa inayokizunguka, na mvuke uliomo hewani ukageuka maji juu yake. Kioo cha dirisha hufuata kanuni hiyo hiyo. Hewa yenye joto la nyuzi 18 za Sentigredi huweza kubeba gramu 15 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 8, hubeba gramu 8 tu. Kinachozidi hapana budi kigeuke maji.

Je, mvuke huo watoka wapi? Watoka kwetu sisi wenyewe. Mtu aliyelala hutoa yapata gramu 40 za maji kila saa kwa pumzi na jasho. Watu wanne wakilala kwa saa 8, hutoa zaidi ya lita moja. Chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina mita 30 za ujazo wa hewa. Kwa nyuzi 18 hewa hiyo yote haiwezi kubeba hata nusu lita ya maji. Ukiongeza sufuria inayochemka au nguo zilizoanikwa ndani, hesabu huwa mbaya zaidi. Jiko la gesi nalo huchangia, kwani kila kilo moja ya gesi iunguayo hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke.

Maji hayo hayaishii kwenye kioo. Hupenya katika viungo vya fremu, huingia nyuma ya rangi, na kuilowesha lipu. Mbao ikibaki na unyevu usiozidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi; ikilowa kupita hapo kwa muda mrefu, kuvu huanza kuila. Paini, ambayo ndiyo mbao ipatikanayo kwa urahisi katika nyanda hizi, huoza upesi isipotiwa dawa. Na mara nyingi fremu huchongwa kwa mbao mbichi, ambayo ikikauka hupinda na kuacha nyufa zile zile tunazoziziba kwa matambara. Wenye uwezo wamekimbilia fremu za alumini. Hizo haziozi, lakini alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko paini. Kwa hiyo fremu yenyewe hupoa, hutoka maji, na kuulowesha ukuta.

Watasema baadhi ya wasomaji kwamba ni heri ukuta ulowe kuliko mtoto apigwe na baridi. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa usiku wa Makete si wa mzaha, na katika uwanda wa Kitulo sakitu huonekana juu ya majani alfajiri. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilionyesha kuwa unyevu na kuvu ndani ya nyumba huambatana na pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Tena, penye chumba kilichozibwa aghalabu huingizwa jiko la mkaa. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Jiko la mkaa lisilazwe chumbani, hata kama dirisha moja liko wazi.

Wengine huogopa kufungua kwa sababu nje kuna ukungu. Hapa hesabu yatufundisha jambo la ajabu kidogo. Hewa ya nje ya nyuzi 8, hata ikiwa imejaa unyevu, ina gramu 8 tu za mvuke. Ikiingia ndani na kupata joto la nyuzi 18, huwa imebeba kama nusu tu ya kile iwezacho kubeba. Kwa hiyo hewa ya asubuhi yenye ukungu hukikausha chumba. Yatosha kufungua madirisha ya pande mbili kwa dakika kumi. Kuta hazitapoa kwa muda huo.

Basi, yafanywe nini mwezi wa Mei? Putti iliyopasuka ibanduliwe na kutiwa mpya. Fremu ikwanguliwe, ikaushwe juani, kisha ipakwe rangi ya mafuta pande zote, hasa kwenye ncha za mbao. Bawaba na komeo virekebishwe ili dirisha lifunge sawasawa. Ubao wa chini uinamie nje, na vitundu vya kutolea maji katika fremu za chuma na alumini vizibuliwe. Pazia lisigandamane na kioo. Nyufa zizibwe, lakini matundu ya hewa yaliyo juu yaachwe wazi, kwa kuwa ufa huleta upepo usioamriwa, na tundu la juu hutoa mvuke. Asubuhi kioo kifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kikamuliwe nje.

Hayo ni ya mwenye nyumba. Lakini lawama si yake peke yake. Nyumba nyingi za nyanda za juu hujengwa kwa michoro ifaayo Pwani: madirisha mapana, au vioo vya vipande visivyofunga barabara. Halmashauri zinazoidhinisha michoro zingefaa kuuliza dirisha litakaa katika kimo gani kutoka usawa wa bahari, na vyuo vya ufundi vingefaa kumfundisha seremala kupima unyevu wa mbao kabla hajaichonga. Maadamu hayo hayajafanyika, mwananchi ataendelea kununua fremu mpya mara kwa mara, huku akidhani kuwa adui yake ni baridi.