Kupanda Miti si Azabu



Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, mvua kali iliangukia milima yenye kukatwa miti. Bushushu na Nyamukubi zilibebwa na maji. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Siye hapa tunakula kila siku maharagi ya kupikwa na makala. Mti ukichomwa, gazi yake inabaki hewani na kuzidisha joto. Na mti wa kuivuta hauko tena.

Ku masomo yetu nani anapanda miti? Wachelewaji tu, sababu siye wasimamizi tunawapa ile kazi kama azabu. Halafu miche inakauka. Nani atamwangia maji azabu yake?

Tulikosa. Salongo ya siku ya posho, siye wasimamizi tutashika majembe wa kwanza. Mukuje.