Kabla ya kuamini takwimu, tuulize parameta yake

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Hata hivyo, hapa Kampala takwimu zinaposomwa redioni au kuchapishwa magazetini, wengi wetu huzipokea kama zilivyo, kisha tukagawanyika kati ya wanaoshangilia na wanaozomea. Ni wachache wanaouliza zimepatikana kwa kipimo kipi.

Chukua mfano wa umaskini. Kwa mujibu wa Ofisi ya Takwimu ya Uganda (UBOS), utafiti wa kaya wa mwaka 2019/20 ulionyesha kuwa asilimia 20.3 ya Waganda, yaani watu milioni 8.3, walikuwa maskini. Hesabu hiyo ilitumia mstari wa umaskini uliowekwa miaka ya 1990, wa takriban dola moja kwa mtu kwa siku, baada ya kurekebishwa kulingana na bei za humu nchini. Mstari mpya wa dola 1.77 ulipotumiwa, maskini wakawa karibu asilimia 30, zaidi ya watu milioni 12. Kaya zilikuwa zile zile na njaa ile ile. Kilichobadilika ni parameta.

Katika programu za kompyuta, parameta ni nafasi inayoachwa wazi ili ijazwe kila programu inapotumiwa. Julai 2018 Serikali ilianza kutoza kodi ya asilimia 1 kwa miamala ya fedha za simu, na kabla ya mwaka kwisha ikaishusha hadi asilimia 0.5 kwa fedha zinazotolewa. Programu iliyoandikwa vyema huingiziwa kiwango kipya tu. Mkokotoo hubaki ule ule. Aliyetoa Sh100,000 akakatwa kodi ya Sh500 badala ya Sh1,000.

Wanaotafuta habari katika hifadhidata hufanya vivyo hivyo. Swali huandikwa mara moja: nipe kaya zote ambazo matumizi ya kila mtu kwa siku hayafikii kiasi fulani. Hicho "kiasi fulani" ndicho parameta. Ukiweka dola moja utapata jibu moja, ukiweka 1.77 utapata jingine, na kompyuta haitakuambia lipi ni la haki.

Wanatakwimu nao wana maana yao, na hapa ndipo wanafunzi huchanganyikiwa. Kwao parameta ni ukweli wa watu wote, ambao kwa kawaida hatuuoni. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, haiwezekani kumwendea kila mmoja na kumwuliza alikula nini wiki nzima. Kwa hiyo huhojiwa maelfu ya kaya zilizoteuliwa kwa bahati nasibu, kisha hukadiriwa. Ile asilimia 20.3 ni makadirio ya parameta, na kila kadirio lina kiasi chake cha kukosea.

Mimi nilisoma shule ya msingi Tanzania, wazazi wangu wakiwa uhamishoni, na hesabu tulifundishwa kwa Kiswahili. Niliporudi nyumbani na kuanza kufundisha, nilikuta vijana wanaolikariri neno hili kwa Kiingereza wasiweze kulieleza kwa lugha wanayonunulia maharage. Lakini mama muuza maharage wa Owino analijua jambo lenyewe: bei bila kuonyeshwa kopo haina maana.

Sisemi kwamba wanatakwimu ni waongo. Maisha yakipanda, mstari nao hauna budi kupanda. Benki ya Dunia yenyewe iliupandisha wake kutoka dola 2.15 hadi 3.00 Juni 2025. Kosa ni kutangaza asilimia bila mstari, au kulinganisha mwaka uliopimwa kwa mstari wa zamani na uliopimwa kwa mpya. Hapo umaskini hupanda au kushuka kwenye karatasi huku sufuria zikibaki vile vile.

Ni wajibu wetu walimu kuwazoeza wanafunzi kuuliza. Vyombo vya habari navyo viandike mstari kando ya asilimia, na wabunge waudai kabla ya kupitisha bajeti. Familia inayotumia dola moja na nusu kwa mtu kwa siku si maskini kwa mstari mmoja, na ni maskini kwa mwingine. Tusipojua uliotumika, tutajuaje kama imehesabiwa?