Figo Haikuharibika Siku Ilipogunduliwa

Mgeni anayesimama kwenye ukingo wa Nyari, lile korongo maarufu la Marafa, hawezi kupambanua udongo uliomegeka masika yaliyopita na ule ulioporomoka zamani. Hakupaona mahali pale awali. Naona kwamba hiyo ndiyo hali ya tabibu anayeletewa mgonjwa wa figo kwa mara ya kwanza.

Figo huweza kushindwa ghafla kutokana na malaria kali, kuharisha, kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, au dawa za maumivu zinazomezwa kiholela. Hali hiyo mara nyingi hutibika. Lakini upo pia ugonjwa sugu uletwao na shinikizo la damu, kisukari, na hata kichocho, ambacho katika pwani yetu huweza kuziba njia za mkojo. Huu hunyemelea pasipo maumivu. Mtu aweza kupoteza nusu ya uwezo wa figo zake huku akilima na kufundisha kama kawaida.

Kipimo kinachotegemewa ni kreatinini, takataka ya misuli ambayo figo huiondoa katika damu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012 unaeleza kwamba figo zimeumia ghafla iwapo kiwango hicho kimefika mara 1.5 ya kile cha awali katika muda wa siku 7. Tatizo limo katika neno hilo "awali". Tuseme mkulima wa Marafa amepimwa leo akapatikana na mikromoli 320 kwa lita. Ikiwa juma lililopita alikuwa na 80, hiyo ni dharura. Ikiwa alikuwa na 300, maradhi ni ya kale. Pasipo rekodi, tabibu hulazimika kukisia kwamba figo zilikuwa nzima, na ugonjwa wa miaka mingi huandikwa kuwa wa jana.

Hapo jamaa huweza kuuza mifugo ili kugharimia usafishaji wa damu, wakingojea figo zipone, kumbe hazitapona. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: mgonjwa aliyehitaji maji na tiba ya malaria huhukumiwa kuwa na ugonjwa sugu, akarudishwa nyumbani. Dalili nazo hupotosha. Upungufu wa damu huashiria ugonjwa wa zamani, lakini huku kwetu huletwa pia na malaria na minyoo. Figo zilizonywea katika picha ni ushahidi mzuri, ila za mwenye kisukari huweza kubaki na ukubwa wake. Isitoshe, maradhi yote mawili huweza kukutana katika mwili mmoja.

Rai yangu ni kwamba kila mwenye shinikizo la damu au kisukari apimwe mkojo na kreatinini walau mara moja kwa mwaka. Matokeo yaandikwe katika daftari lake mwenyewe, kwani rekodi iliyobaki Malindi haimfai aliyelazwa Kilifi usiku. Aliyepata nafuu naye arudi kupimwa baada ya miezi 3. Walimu, nawasihi muanze nafsi zenu, kisha muwafunze wanafunzi kuwasomea wazazi na kuwahifadhia tarakimu hizo. Tabibu akiulizia hali ya awali, pawe na wa kumjibu.